Mtani wa Chuma

Katika Mji ule Kesho lilikuwa jengo. Msidhani nasema kwa mafumbo. Lilikuwa jengo la vioo lenye mlango, mlinzi na choo cha wageni, na watu walielekezana njia kwa kulitaja: pita Kesho, kata kushoto, utaona duka la mkaa. Vijana waliingizwa humo akili zikiwa bado zinachemka, wakapewa meza, uji wa saa nne na swali moja la kutafuna: maisha yajayo yaweje? Chochote walichokiwaza kikapigiwa makofi, kilitengenezwa. Mmoja aliwaza kitanda kinachomwamsha mgonjwa ameze dawa, kikatengenezwa. Mwingine akawaza jiko linalokataa kuwaka mwenye nyumba akiwa amenuna, nalo likatengenezwa, na mitaa mizima ikala viporo. Wazee hawakuulizwa. Mzee utamuuliza nini kuhusu Kesho, na mlangoni kwenyewe haruhusiwi kukanyaga?

Ndani ya jengo hilo haikuwahi kuwa leo. Binti mmoja, jina lake Sikudhani, aliingia mchana mmoja, ameaga nyumbani kwamba atarudi kula cha usiku. Aliketi, akachora, akafuta, akachora tena, na alipochungulia dirishani aliona mpapai wa ng'ambo, ambao alipoingia ulikuwa mche, umeshazaa, umezeeka na mtu anaukata. Hakushtuka. Humo ndani hakuna aliyekuwa akishtuka, maana kila mmoja alikuwa na kitu cha kumaliza, na kitu chenyewe kilikuwa kizuri, na uzuri una tabia ya kula siku za mtu bila kumwomba radhi. Mama yake, Bi. Chausiku, alikuwa akimpigia simu na kumuuliza anakuja lini. “Nikimaliza hiki tu, mama,” alijibu, na hakuwa akidanganya. Ukimaliza kitu humo ndani unakuta mkononi umeshika kingine.

Ili moyo usimsute, alimtengenezea mama yake kimashine cha kukaa naye. Kilikuwa na kimo cha mtoto anayeanza shule, magurudumu matatu, mikono miwili laini na masikio mazuri kuliko ya mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Bi. Chausiku alikipokea mlangoni akiwa ameshika kiuno.

“Umeniletea mgeni asiyekula,” alimwambia bintiye kwenye simu. “Sasa mimi nimkaribishe na nini?”

“Mzoee tu, mama. Atakusaidia.”

“Atanisaidia kukaa kimya? Hilo naliweza mwenyewe.”

Lakini alimwita Mgeni, na mtu akishakipa kitu jina ndiyo basi tena, kimeshaingia nyumbani. Alimfundisha kupeta mchele, kumenya vitunguu, kunyamaza redio inaposoma matangazo ya vifo. Akamsimulia ujana wake, wanaume aliowakataa na yule mmoja aliyempokea akajuta siku mbili za mwanzo tu. Sikudhani alipopiga simu alisikia, nyuma ya sauti ya mama yake, magurudumu yakisogea sakafuni, akashusha pumzi. Hayuko peke yake, alijiambia. Simu zikapungua. Hakuna aliyeketi akaamua zipungue, zilipungua tu.

Sasa tuje kwenye utani, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Zamani watu wa Mji ule hawakuzikana bila watani. Kila ukoo ulikuwa na ukoo wake wa kutaniana nao, na siku ya msiba watani walikuja kuvuruga. Mtani alivaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akawasema wafiwa kwa sauti ya yule aliyelala ndani. Alijilaza mlangoni jeneza lisipite. Hakuna aliyemkasirikia, maana siku yake ikifika ninyi nanyi mtakwenda kujilaza mlangoni kwake, na watoto wake watawavumilia. Aliendelea hivyo mpaka mfiwa hasa, mwenye uchungu wenyewe, aangue kicheko machozi yakimtoka. Hapo mtani aliinuka, akajipangusa vumbi, akatia bega chini ya jeneza, na mara nyingi huko makaburini ndiye aliyelia kuliko wote. Alikuwa amembeba marehemu mwilini mwake asubuhi nzima. Lazima aishiwe nguvu.

Kesho lilipojengwa, mitaa ilibomolewa kulipisha. Koo zikatupwa huku na huko. Mtu akawa hajui tena mtani wake ni nani, na akimjua hajui anaishi wapi, na akijua anapoishi anaambiwa yuko kazini. Misiba ikawa ya kimya na ya adabu nyingi. Watu wakazikana kama wanaotoa taka, haraka haraka, kila mmoja akiangalia saa.

Sikudhani ndiye aliyesimama katika ukumbi wa Kesho akasema: tuwarudishe watani, tuwatengeneze. Dunda, rafiki yake wa meza moja, kijana mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiojua kupumzika, aliruka kutoka kitini. Alisema hilo ndilo wazo alilokuwa akilisubiri maisha yake yote. Wakaanza. Waliifundisha mashine kuokota, kwa waliomjua marehemu, sauti yake, visa vyake, mwendo, kikohozi, namna mtu anavyofunga kanga na namna anavyoifungua akiudhika. Waliifundisha kutofautisha kicheko cha kweli na kicheko cha kujikaza, na hapo walijisifu sana, maana hata binadamu wengi hawakiwezi hicho. Likabaki jambo moja.

“Atamjuaje mfiwa?” Dunda aliuliza. “Msibani wote wanalia. Wengine wanalizwa na moshi wa kuni.”

“Tumfundishe kufuata damu,” alisema mmoja kutoka meza ya nyuma.

“Damu gani?” Sikudhani alisema, na sauti yake ilikwaruza. Alikuwa amekumbuka msiba wa baba yake. Baba zake wakubwa, ambao hawakuwahi kumletea mgonjwa hata chungwa, walivyogaragara uani, na yeye aliyemgeuza baba kitandani usiku na mchana akawa anatumwa kuwachotea maji ya kunawa. “Mfiwa ni yule aliyekuwa naye. Aliyemsikiliza mpaka mwisho. Mtani atafute huyo, ukoo auache.”

Walipiga makofi mpaka vioo vikatetema. Kisha Dunda akaongeza lake, kwamba Mtani asiwe na kitufe cha kumzima, kwa sababu mtani anayenyamazishwa kwa kidole huyo ni redio. Wakapiga makofi tena, na vipaza sauti vikapitishwa mitaani kutangaza kwamba mfiwa ni aliyemsikiliza marehemu mpaka mwisho. Swali la pili hakuliuliza mtu. Humo ndani swali la pili lilionekana kama wivu.

Bi. Chausiku alikufa asubuhi, ungo mapajani. Mgeni alimlaza vizuri, akamaliza kupeta ule mchele uliobaki, ndipo akamwita Mjomba Pazi, mdogo wa marehemu. Mjomba akampigia Sikudhani. Hakusema mengi, alisema njoo.

Alitoka. Mlinzi alimfungulia mlango, akamwamkia shikamoo, na Sikudhani akageuka kumtafuta mtu mzima anayeamkiwa. Hapakuwa na mtu nyuma yake ila Dunda, ambaye kichwa chake kilikuwa cheupe kama kimemwagikiwa unga. Walitazamana kidogo, kila mmoja akiona kwa mwenzake alichokataa kukiona kwake, wakashuka ngazi. Barabarani watoto walimwamkia, na wanawake wa rika la mama yake, au la mama yake alivyomwacha, walimwita dada. Alipojiona katika kioo cha duka aliona uso wa Bi. Chausiku umevaa nguo za kijana. Mtu anaweza kuingia mahali akiwa binti wa mtu, akatoka akiwa sijui nani. Na miaka yote hiyo katikati imekwenda wapi? Nani ameila? Angalau mwizi wa kuku huacha manyoya.

Nyumbani, asubuhi ya siku ya pili, mikeka ilikuwa imetandikwa mpaka barazani. Mjomba Pazi alimwona, akamjua, akamwonyesha mahali pa kukaa kwa kidevu, bila kumpa mkono. Sikudhani aliketi miongoni mwa wanawake, akanyoosha miguu, akajifunika kanga. Alitaka jambo moja tu, nalo lilikuwa dogo: kuketi pale kama mtoto wa marehemu, aambiwe pole, alie. Hakutaka kusamehewa. Alijua hakuna wa kumsamehe. Alitaka nafasi yake mkekani.

Mtani akaingia.

Walikuwa wamemtengeneza mrefu, lakini aliinama akawa mfupi, akajifunga kanga ya marehemu kifuani, akavuta mguu wa kushoto kidogo kama Bi. Chausiku alivyokuwa akivuta kukiwa na baridi. Akakohoa. Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza kwa pamoja.

“Nani kapika wali huu?” Mtani alisema, na sauti ilikuwa yenyewe. “Nimekufa jana tu, mnanitia aibu leo? Wewe Mwanaidi, nakuona. Ungo wangu uko kwako tangu mvua za masika, usijifanye unanililia mimi, unalilia kuurudisha.”

Mwanamke mmoja pembeni alitoa mguno, mguno ukageuka kicheko, na baraza zima likaangua. Walicheka wanaume huko nje. Walicheka walioapa kwamba mashine haitawagusa moyo. Mjomba Pazi mwenyewe alishika nguzo, mabega yakimtikisika, maana Mtani alimkumbusha mbele za watu jinsi alivyowahi kumkimbia bata mzinga akapanda juu ya meza. Dunda alisimama mlangoni na kichwa chake cheupe, akilia kwa fahari. Kisha wanaume wakaenda kuinua jeneza, na Mtani, kama ilivyopasa, akajilaza mlangoni kukingama.

“Sipiti,” alisema. “Nyumba yangu hii. Nani kanifukuza?”

Sikudhani akajiweka sawa. Ilikuwa zamu yake. Mtani aliinua kichwa, akatazama mikeka, akaanza kutambaa kati ya wanawake akimtafuta mfiwa. Alikuja mpaka kwake. Akasimama. Macho yale Sikudhani aliyachora mwenyewe, kwa penseli, siku moja yenye jua ambayo haijulikani ilikuwa lini.

“Na wewe binti wa watu,” Mtani alisema kwa sauti ya mama yake, “sogeza miguu basi, mtu apite.”

Akapita.

Mwanzoni Sikudhani hakuelewa. Alidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba Mtani atageuka na kumrudia. Kisha akacheka, akacheka kwa nguvu ili aonekane. Halafu, na hili ndilo lililomkata maini, kicheko chenyewe kikamjia kweli kutoka tumboni, kwa sababu ndivyo hasa mama yake alivyokuwa akimwambia akimkuta amelala sebuleni, sogeza miguu mtu apite, na machozi yakamtoka, mengi, moto. Alicheka akilia kama mfiwa anavyotakiwa. Mtani hakugeuka hata shingo.

“Kile kilikuwa cha kweli,” Dunda alinong'ona, amechuchumaa kando yake. Fahari ilikuwa imemtoka usoni. “Amekisikia. Lakini hakukihesabu.”

“Kwa nini?”

“Anamtafuta mfiwa, Siku. Aliyekuwa naye. Aliyemsikiliza mpaka mwisho.” Akatazama mkeka. “Ni maneno yako.”

Yake kweli. Aliyatamka amesimama, kifua mbele, na makofi yalimwingia masikioni kama maji ya uvuguvugu. Alimlenga nani siku ile? Baba zake wakubwa. Alitaka kuwavua msiba watu waliokuwa hawastahili. Na huyu aliyeketi hapa amejifunika kanga je, anastahili? Alitengeneza masikio akayatuma. Alituma masikio! Mwenyewe alibaki na mdomo, nao wa kuwahutubia vijana wenzake. Lakini mimi ni mwanawe. Nani kasema? Tumbo lake limesema. Tumbo lake limo ndani ya sanduku. Basi muulizeni mjomba. Mjomba ameonyesha kwa kidevu. Basi uso wangu, tazameni uso wangu, si huu wa kwake? Mtani ana sauti yake pia, na kanga yake, na mguu wake mbovu, na hakuna anayemwita mwana. Hivi mtu huwa wa mtu kwa nini? Kwa kuzaliwa? Kwa kuketi? Kwa kumenya vitunguu vya watu mpaka vikuchome macho? Kama kufiwa ni kitu cha kufanyia kazi, yeye alikuwa ameajiri mtu.

Jua lilikuwa linapanda. Wabebaji walikuwa wamelishusha jeneza, wameegemea ukuta, wanatafutana kwa macho.

“Mzimeni sasa,” Mjomba Pazi alisema. “Mzaha umetosha. Maiti haingoji.”

“Hazimiki, mjomba,” Dunda alijibu.

“Kitu gani hakizimiki?”

“Tulidhani ndiyo heshima.”

Mtani alikuwa ameshafika uani. Watu wakamfuata, na Sikudhani akanyanyuka akawafuata watu. Kwenye kibanda cha jikoni, kando ya mafiga yaliyopoa, Mgeni alikuwa amesimama na ungo mikononi. Hakuna aliyemkumbuka asubuhi nzima. Alikuwa akipeta mchele wa wageni.

Mtani akasimama mbele yake, akashika kiuno.

“Mchele huo unaupeta au unaubembeleza?”

Mgeni hakucheka. Alisimamisha ungo. “Mama, hilo ulishaniambia jana,” alisema.

“Na nitakwambia tena. Utanifanya nini, utanirudisha dukani?”

Ungo ukawekwa chini. Kisha Mgeni akacheka. Hakuwahi kufundishwa kicheko. Huko Kesho walimpa masikio tu. Alikuwa na kicheko kimoja, alichokisikia kila siku ndani ya nyumba ile, na ndicho kilichotoka: kile cha Bi. Chausiku, kinachoanza kwa kukwama kooni, kikapanda mpaka kuwa kilio chembamba, na mikono ikapigwa mara moja, pa, mwishoni. Mtani akamjibu kwa sauti ileile. Kwa hiyo Bi. Chausiku alikuwa amesimama uani akijitania na kujicheka mwenyewe, mzima kabisa, na Bi. Chausiku alikuwa amelala ndani ya sanduku barazani, na kati ya wawili hao hapakuwa na mahali pa mtu wa tatu. Sikudhani hakuwa amekisikia kicheko kile tangu aingie jengo la vioo. Kwenye simu mama yake hakuwa akicheka. Alikuwa akiuliza.

Mtani akainama, akajipangusa vumbi. Alivua kanga, akaikunja vizuri, akampa Mgeni. Halafu akaenda barazani akatia bega chini ya jeneza, na wanaume wakaondoka naye. Makaburini, waliosimulia wanasema, alisimama wima mpaka mwisho na hakulia, kwa sababu kulia huko mwishoni hakuna aliyekuwa amekumbuka kumfundisha.

Waliporudi, Mjomba Pazi alitandika mkeka mpya sebuleni, mahali pa mfiwa. Akamwongoza Mgeni kwa mkono, akamweka hapo, kanga mapajani. Sikudhani alimsogelea.

“Mjomba. Hapo ni mahali pangu.”

Mjomba alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Mwanangu, mimi sikuweka utaratibu huu. Mlikuja na vipaza sauti mkatuambia, mfiwa ni huyu, si yule, na mimi niliona mmesema kweli. Bado naona mlisema kweli.” Akamshika bega kidogo, akaliachia. “Watu wanasubiri kutoa mkono wa pole. Panga foleni.”

Akapanga. Foleni ilipita barazani, ikakunja sebuleni. Mbele yake Mwanaidi, yule mwenye ungo, aliinama kumpa Mgeni mkono, akamwambia Mungu akutie nguvu, akalia kweli kweli na kufuta pua. Wengine walimkumbatia. Mtu mmoja alimletea maji, akakumbuka, akayanywa mwenyewe. Hatua kwa hatua Sikudhani akawa mbele ya mkeka, akachuchumaa, akashika mkono ule laini alioushona kwa vidole vyake.

“Pole sana,” alisema.

“Asante,” Mgeni alisema. “Wewe ni nani wake?”

“Mwanawe.”

Mgeni alimtazama. Binti aliyekuwa akimjua alikuwa yule wa kwenye picha ukutani, mwenye nywele nyeusi na meno yote nje. Akatazama picha, akamtazama tena mwanamke aliyechuchumaa.

“Mwanawe anakuja Jumapili,” alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni asimkwaze. “Mama aliniambia nimwekee chai ya tangawizi kwenye kikombe chenye ua, afike aikute. Huwa namwekea. Ikifika magharibi naimwaga, naosha kikombe.” Akaigusa kanga mapajani. “Sasa mama hayupo na sijui nimuulize nani. Jumapili hii nimwekee?”

Nyuma, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa akingoja zamu yake.

“Mwekee,” Sikudhani alisema, akanyanyuka akampisha.